Mistari Miwili ya Magnesiamu

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai unaisoma hii ukiwa mzima na kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanionea. Nimevaa soksi mbili kila mguu na vidole bado vinalalamika. Nakuandikia kwa mkono kama unavyotaka, maana Mama anasema siku hizi simu unaisikia kwa sikio moja tu, na hilo moja nalo linachagua maneno. Tena hata mimi simu ya nyumbani siipendi kwa jambo la maana. Mama anaweka sauti juu, nikisema neno moja najibiwa na watu wanne.

Nimesikia mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nimemfumia kofia. Imetoka kama mfuko wa vitunguu, na yeye akiwa mshonaji najua atanicheka mpaka mtoto aanze shule, lakini mwambie ni pamba tupu.

Kila ukiniandikia unauliza kazi yangu hasa ni nini. Ni ileile uliyokuwa ukiifanya wewe maabara ya kiwandani. Wewe ulipiga cheche kwenye kipande cha chuma, ukaupitisha mwanga kwenye mashine, ukaona mistari, ukajua ndani yake kuna kaboni kiasi gani na fosforasi kiasi gani. Mimi nyota siwezi kuipiga cheche, inawaka yenyewe. Nyota zangu zimo katika galaksi ndogo iliyo jirani na hii yetu. Jirani kwa hesabu za huku, maana mwanga wake umesafiri miaka laki tatu kabla ya kufika kwenye darubini. Kila nyota ina mistari yake ya magnesiamu na ya chuma. Magnesiamu hutoka kwa nyota kubwa, zile zinazoishi kwa pupa na kulipuka mapema. Chuma kingi hutoka kwa nyota ndogo zinazochelewa sana kulipuka. Kwa hiyo ukilinganisha magnesiamu na chuma, unajua kama galaksi ilizaa nyota zake kwa haraka ikaacha, au iliendelea kuzaa polepole.

Sasa nina swali, na nakuomba ulijibu kama mtu wa maabara. Kuna mwenzangu hapa, mtu makini tu, amegundua kosa katika jedwali alilolitengeneza miaka sita iliyopita. Jedwali lilishachapishwa, na watu wengine wamelitumia. Hakuna aliyeshtuka. Nyinyi kiwandani, mtu akigundua kosa kwenye cheti alichokwisha kukitia sahihi, mlikuwa mnafanyaje? Mwezi wa tano itakaa kamati ya kuamua nani apewe kazi ya kudumu hapa, na huyo mwenzangu ni mmoja wa wanaongoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Februari

Kwa Daktari wetu wa Nyota,

Marahaba, marahaba sana. Kifua kipo, kinakohoa kikijisikia. Shuleni naendelea kutunza maabara. Juzi vijana wa kidato cha pili walimwaga asidi kwenye stuli yangu, nikaikalia bila kujua. Suruali sasa ina dirisha. Mwalimu Mkuu ameniambia nijaze fomu ya hasara, na kwenye sehemu ya "kifaa kilichoharibika" sikujua niandike nini.

Mama yako hajambo. Amepaka mlango rangi ya kijani, na sasa kila anayepita anaulizwa kama umependeza. Mtoto wa mdogo wako ana sauti ya king'ora cha kubadilisha zamu. Kofia imefika. Nilichosikia kuhusu kofia sitakiandika.

Kuhusu huyo mwenzako. Cheti kikishatiwa sahihi na kupigwa mhuri, kimetoka. Huwezi kukikimbiza barabarani ukimwomba kila aliyekisoma akisahau. Mwambie atulie. Kosa la nyota halimwangukii mtu. Aliache lizeeke lilipo, apate kazi yake, aendelee na maisha. Wengi wamefanya hivyo na jua limeendelea kutoka.

Jifunike vizuri.

Mjomba wako

*

Tarehe 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimekuwa matope, lakini afya ni njema. Pole kwa suruali. Mama amenisimulia yote, na fomu aliisoma kwa sauti mara mbili.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Sikumtambua aliyeiandika. Nilipokuwa mtoto ulinirudishia daftari, ukurasa mzima niandike upya, kwa sababu nilikadiria desimali ya mwisho. Ulisema namba ni mdomo wa kitu kisichoweza kusema. Leo unaniambia niiache izeeke.

Ndiyo, ni mimi. Huyo mwenzangu hayupo.

Kosa lenyewe ni dogo mpaka linatia aibu. Kwenye nyota hafifu kama zangu, mistari ya magnesiamu inayosomeka vizuri ni miwili tu. Kila mstari una namba yake inayosema una nguvu kiasi gani, na nilizinakili namba hizo kutoka kitabuni nikiwa mwanafunzi. Kwenye mmoja nilipishanisha tarakimu mbili. Basi. Kwa kosa hilo nyota zote zikaonekana zina magnesiamu nyingi kuliko zilizo nayo, nami nikaandika tasnifu nzima kwamba galaksi ile ilizaa nyota zake kwa muda mfupi sana, kisha ikazima. Ilinipatia jina. Watu walinialika kuzungumza. Profesa wangu huitaja kila anaposimama mbele ya watu.

Ningeweza labda kufuata ushauri wako, kama si binti mmoja. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anafanya kazi juu ya galaksi ileile kwa darubini nyingine na namba zake mwenyewe. Matokeo yake hayalingani na yangu. Tangu Novemba Profesa anamwambia arudie, amekosea mahali. Wiki iliyopita alimwambia mbele yetu wote, "Labda kazi hii si ya kila mtu." Binti aliinama akafunga kompyuta yake polepole. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, na nilitazama dirishani.

Mjomba, wewe hukuwahi kukosea? Sikuulizi kwa kejeli. Nataka kujua mtu hufanyaje.

Na jambo jingine. Nimezitoa barua zako zote za mwaka jana kwenye boksi. Umemtaja Mama, mdogo wangu, hata paka wa jirani. Baba hujamtaja hata mara moja. Mmegombana? Tangu alipopoteza mguu kiwandani hujakosa Jumamosi hata moja kuja kumsaidia kwenda kliniki. Sielewi.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sasa sijapata neno lako. Nilidhani barua imepotea, lakini Mama amesema uliipokea mbele yake ukaitia mfukoni. Anasema tangu siku hiyo hujaja nyumbani, eti kifua. Anasema kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Nyumbani wote wazima. Baba amepata kazi ya viti ishirini vya ofisi, anavishona upya. Nimemuuliza kama mmekosana, akasema, "Labda yeye amekosana na mimi. Mimi nipo."

Kamati ni tarehe 20. Sijasema kwa mtu yeyote. Binti bado anarudia hesabu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nimezipata. Sikuwa mgonjwa. Mama yako nilimtajia kifua kwa sababu ndilo neno nililozoea kumpa. Nasikia mtoto ameanza kucheka. Anamchekea kila mtu isipokuwa mimi nisiyekuja.

Uliniuliza kama niliwahi kukosea. Nimeandika jibu mara saba na kulichana mara saba. Hili nitalipeleka posta kabla sijalisoma tena.

Mwaka ule ulipokuwa darasa la tano, kiwanda kilikuwa kinajitengenezea kulabu mpya za winchi. Chuma cha kulabu hakitakiwi kuwa na fosforasi nyingi. Ikizidi, chuma kinakuwa kama biskuti: ukikitazama ni kizima, mpaka siku kitakapokatika. Nilipima vipande vitatu vya mkupuo mmoja, yaani chuma kilichoyeyushwa pamoja. Viwili vilikuwa vimezidi kipimo. Kimoja kilikuwa sawa. Kanuni ni kwamba ukipata hivyo, mkupuo wote unarudi tanuruni. Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Vipi, inapita?"

"Ngoja nirudie."

"Utarudia mara ngapi? Watu wamesimama huko chini."

Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Natamani ningekuambia alinitisha. Nilikuwa nimechoka kuitwa yule anayechelewesha kazi, hakuna zaidi ya hapo. Nikaandika namba ya kile kipande kimoja kilichokuwa sawa, nikatia sahihi.

Baada ya wiki tano kulabu ilikatika. Unajua ni nani alikuwa chini yake.

Wachunguzi walipokuja, walikuta cheti changu kinasema chuma ni kizuri. Kama chuma ni kizuri, basi kosa ni la aliyefunga mzigo. Wakaandika kwamba baba yako alizidisha uzito, na kwa uzembe huo akaachishwa kazi. Aliwaambia alihesabu. Walikuja kumhoji hospitalini, mguu umeshakatwa, akawaambia, "Nilihesabu vyuma kumi na vinne, havikuzidi." Alirudia mara tatu, kwa upole, kama mtu anayewafundisha watoto. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nimeshika chupa yake ya maji. Sikufungua mdomo.

Ni miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata niliacha kazi, nikawaambia kifua. Tangu uondoke, kila nikishika kalamu kukuandikia "baba yako hajambo", mkono unakataa. Kumtaja mbele ya mama yako naweza. Kukuandikia wewe siwezi, kwa sababu wewe husoma kila neno kama unasoma mistari yako.

Ushauri wa Februari niliutoa kwa ajili yangu, si yako. Utupe. Nenda ukamwambie Profesa kabla ya kamati, na umtoe huyo binti kwenye lawama.

Nakuomba jambo moja tu. Baba yako asijue. Ana shinikizo la damu. Na mama yako ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Nitaingiaje kwenye nyumba ile?

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Juni

Mjomba,

Nilianza kuandika salamu nikashindwa. Zitakuja zikija.

Barua yako ilifika tarehe 24 Mei. Kamati ilikaa tarehe 20. Nilikaa mbele ya watu watano, wakaniuliza kuhusu galaksi yangu, nikawaambia ilizaa nyota zake zote kwa muda mfupi ikazima, kama nilivyoandika miaka sita iliyopita. Sauti haikutetemeka. Siku mbili baadaye wakanipa kazi. Nilinunua keki, tukaila ofisini, na yule binti akala kipande chake akanipa mkono wa pongezi.

Ndipo barua yako ikaingia.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, msichana mmoja shuleni aliniita mtoto wa mzembe. Nilirudi nyumbani nikilia, nikakukuta wewe umekaa kizingitini na Baba. Ulinivuta pembeni ili asisikie. Ukanifuta uso kwa leso yako, ukaniambia watu husema wasichokijua. Nimekumbuka mpaka harufu ya ile leso. Wewe ulikuwa unakijua.

Sikulala vizuri, na sitajisifia kwamba nililia kwa ajili ya Baba peke yake. Asubuhi nikaenda kwa Profesa na kitabu chenye namba sahihi, nikamwonyesha tarakimu zilizopishana. Alivua miwani. 

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tutabadilisha namba kimyakimya kwenye toleo jipya la jedwali. Hakuna anayesoma maelezo ya toleo."

"Na mwanafunzi wako?"

"Kazi yake itakaa sawa yenyewe. Atadhani alikosea mahali, akarekebisha."

Mjomba, alisema kwa upole. Hata hakuwa mtu mbaya wakati anasema. Nilimtazama nikakuona wewe na chupa ya maji.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya binti, nikamwonyesha, nikamwambia ni mimi, na kwamba nimejua tangu Januari.  Alifungua daftari lake akanionyesha: tangu Novemba amerudia hesabu ile mara thelathini na moja, kila mara na tarehe yake. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo sikuwa mjinga?" Nikamwambia hapana. Akaniomba nitoke.

Masahihisho nimeyatuma jaridani kwa jina langu. Galaksi haikuzima. Iliendelea kuzaa nyota, chache chache, kwa miaka bilioni nne zaidi ya nilivyosema. Makala sita za watu wengine itabidi zipitiwe upya. Kamati imesimamisha kazi niliyopewa mpaka itakapokaa tena. Profesa tunasalimiana kwa nyusi.

Unaniomba Baba asijue. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Nina likizo mwezi wa nane, nitafika nyumbani tarehe 12. Kama nitakuta hajui, nitasema mimi, mezani, mbele ya Mama na mbele ya mdogo wangu, na wewe ukiwa umekaa hapo. Shinikizo la damu usilifanye kisingizio. Anakunywa dawa zake kila asubuhi na amewahi kubeba mambo mazito kuliko wewe.

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Julai

Mpwa wangu,

Salamu hukunipa na mimi sidai, lakini zangu zipokee. Mama yako ni mzima wa mwili. Mtoto ameota jino.

Nimemwambia.

Nilikwenda siku ya Jumatano kwa makusudi, kwa sababu Jumatano hanitegemei. Alikuwa barazani na kile kiti kikubwa cha ofisi, amekipindua miguu juu, anapigilia kitambaa. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama kawaida yake. Akanionyesha kwa kidole nikae. Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: vipande vitatu, namba niliyoiandika, hospitali. Nilisema haraka, nadhani hata dakika tano hazikufika.

Aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga juu ya mkono wa kiti. Ilikuwa sita.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Fosforasi ilikuwa ngapi?"

Nikamtajia. Bado ninayo, mpwa wangu. Daftari langu la maabara niliondoka nalo, namba zote tatu zimo. Sijui kwa nini sikulichoma.

"Vyuma vilikuwa kumi na vinne," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Nilianza kuamini vilikuwa kumi na tano." Alisema hivyo akitazama nyundo. "Unajua? Miaka kama minane sasa. Nilijiambia, labda kweli nilihesabu vibaya. Nikawa nahesabu kila kitu mara mbili. Misumari. Hatua. Vidonge."

Aliihesabu tena ile misumari sita, mara mbili.

"Hizi Jumamosi zote unazonipeleka kliniki. Ulikuwa unanisaidia mimi, au ulikuwa unajisaidia wewe?"

"Sijui, shemeji."

"Basi nenda ukajue."

Mama yako alikuwa amesimama nyuma ya pazia, sijui tangu lini. Alinipa mwavuli wangu niliousahau mwezi wa tatu. Aliufuta vumbi kwanza. Hakunitazama usoni. Kisha akafunga mlango wake wa kijani.

Kesho yake nilikwenda kiwandani. Karani wa utumishi ni kijana, hakuwa amezaliwa nilipoajiriwa. Akaniambia, "Mzee, hilo faili lilifungwa zamani." Nikamwambia nitangoja lifunguliwe. Nilikaa kwenye benchi lao siku nne, na kitabu cha mafumbo ya maneno. Siku ya nne meneja akaniita, nikampa maelezo yangu kurasa tatu na nakala ya daftari. Akaita mwanasheria. Mwanasheria aliniuliza kama najua kwamba naweza kushtakiwa. Nikasema najua. Akaniuliza kama kuna mtu amenituma. Nikasema yupo mpwa wangu, anasoma nyota. Hakuandika hilo.

Wamesema watajibu kwa maandishi, kwa baba yako, si kwangu. Sijui lini.

Mwalimu Mkuu naye amesikia. Mji huu hauna siri. Alinitaka nirudishe funguo za maabara mpaka mambo yaeleweke. Nimezirudisha. Nakaa nyumbani, nasikiliza redio kwa sikio langu moja.

Sikuandiki ili unihurumie. Naandika kwa sababu ulinipa tarehe, na sikutaka ufike ukute bado.

Mjomba wako

*

Tarehe 21 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Nakuandikia barua ingawa uko mitaa mitatu kutoka hapa. Baba amesema hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuja kwako mpaka yeye aseme, na nimeona nimtii. Mume wa mdogo wangu ndiye atakayekuletea, na ameambiwa aikabidhi arudi, asikae.

Nilifika salama. Mtoto amenikubali siku ya kwanza, kofia ameikataa. Mama amepungua. Anafanya kazi zake zote kama kawaida, lakini hufungua bomba la maji kwa nguvu jikoni, na sote tunajua ni ili tusimsikie.

Kazini, kamati ilikaa tena kabla sijaondoka. Ile ya kudumu hawakunipa. Wamenipa mkataba wa mwaka mmoja, nami nimeusaini. Makala ya binti imekubaliwa, jina lake likiwa la kwanza. Nilimwomba radhi kwa maandishi pia, mbele ya idara. Alinijibu kwa sentensi moja: amesoma. Sijui kama tutawahi kukaa meza moja tena, na si juu yangu kuamua.

Sasa jambo lenyewe. Barua ya kiwanda ilifika siku ya Jumatatu, ina mhuri na sahihi mbili. Inasema matokeo ya uchunguzi wa miaka kumi na tisa iliyopita yametenguliwa, kwamba kulabu ilikatika kwa ubovu wa chuma, na mfunga mizigo hakuwa na kosa. Baba aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akarudi kwenye viti. Siku ile alipigilia kitambaa kinyumenyume, ikabidi akifumue chote.  Jumanne vivyo hivyo. Mama alitaka kuwaita majirani awasomee barua, akakatazwa.

Kuhusu wewe, nilimwambia jana kwamba mimi pia nilikaa kimya miezi minne, na mtu akaumia nikimtazama. Nilimweleza habari ya binti yote, mpaka keki. Alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili tu: anaitwa nani, na kama wazazi wake wanajua. Halafu akaniambia niende nikalale.

Leo baada ya chakula cha mchana akaniambia nichukue karatasi. Haya yafuatayo ni maneno yake, ameniapisha nisibadilishe hata moja.

"Shemeji. Karatasi ya kiwanda nimeipata. Jumamosi saa kumi jioni njoo. Nimewaita watu wa zamu yetu, waliobaki hai ni watano, wote watakuwepo. Wamekaa miaka yote hii wakijua ni mimi niliyekosea, na hawajawahi kunitupia neno, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama wangetukana. Utawasomea karatasi hii kwa mdomo wako. Ukimaliza utafungua daftari lako, utawaambia namba uliyoiona na namba uliyoiandika. Usinitazame mimi ukisema, watazame wao. Kisha utakaa chini, utakunywa chai na wenzako, na wakiwa na maswali utawajibu.

Sijakusamehe. Nitakapokusamehe nitakuambia mwenyewe, na inawezekana nisikuambie. Usininunulie kitu, usilete kitu. Kliniki nimekwenda peke yangu Jumamosi zote tangu ulipoacha kuja, nimefika. Siku hiyo usiombe msamaha. Taja namba."

Nimemsomea yote. Akasema inatosha, nifunge.

Mimi nitakuwepo, Mjomba. Nitakaa upande wa Baba.

Mpwa wako